Keki Yenye Pembe

Ukitaka kuziona harusi za Moshi kwa mpigo mmoja, njoo kati ya Krismasi na mwaka mpya. Wiki hiyo Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na Nairobi wanakuwa nyumbani. Barabara ya kutoka Dar, takriban kilomita 550, haipumziki usiku wala mchana, na tangu Desemba 2019 wapo pia wanaopanda kwa treni, baada ya reli hiyo kukaa miaka mingi bila kubeba abiria. Kwa mzazi mwenye mtoto wa kuoa au kuolewa, hesabu ni nyepesi. Ukoo wote umeshasafiri kwa nauli yake wenyewe, shangazi wa Mwanza yupo, mjomba wa Nairobi yupo, na mbuzi wa sikukuu wameshanenepa. Kwa nini usimalize shughuli hapo hapo?

Basi kunakuwa na foleni. Kanisa moja la mlimani linaweza kufungisha ndoa kadhaa katika ibada moja, magauni meupe yamepangana mbele ya madhabahu hadi mashangazi wanasimama juu ya mabenchi kumtafuta wa kwao. Alasiri ikifika, misafara inateremka mjini na kukutana kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa. Kila mmoja umetanguliwa na pikapu iliyojaa vijana wanaopuliza matarumbeta, na bendi ya mbele inajibizana na ya nyuma. Mtu wa nje ataambiwa kuwa huo ndio utamaduni wenyewe wa Moshi, na ataambiwa ukweli. Lakini kabla hayajapanda pikapu, matarumbeta yalikaa kanisani kwa vizazi. Yalikuja na Walutheri wa Kijerumani wa misioni ya Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893 wakitokea katika kanisa ambamo vyombo vya kupuliza vilikuwa sehemu ya ibada.

Ninaanza na matarumbeta kwa sababu sura hii inahusu harusi za rangi, vitenge, shanga na ngoma, zile ambazo vijana wa leo wanaziita harusi za asili. Ninachokiona mimi ni hiki: karibu kila kinachong'aa katika harusi hizo kimeazimwa, na hakuna ubaya wowote. Kilicho cha mlima wenyewe hakipigwi picha sana. Ni ule utaratibu wa nani anapewa kipande gani, nani anasema kwa niaba ya nani, na nani hawezi kurukwa hata kama hana senti. Mapenzi ya watu wawili hupitia humo humo.

Tuwatengeneze hao wawili. Sitawapa majina, maana ukikaa Moshi unawajua kumi wa namna yao. Kijana ni wa Machame, mhasibu Dar. Binti ni wa Mkuu, Rombo, muuguzi huko huko Dar. Tuseme walikaa kiti kimoja katika basi lililotoka kituo cha Magufuli, Mbezi, siku mbili kabla ya Krismasi. Kufika Segera walikuwa wameulizana kazi. Korogwe kijana akanunua machungwa, akamenya yote mawili. Same, mlima ulipokuwa bado umejificha, akaomba namba ya simu. Himo binti akashuka, kwa sababu hapo ndipo watu wa Marangu na Rombo wanapochepuka, na kijana akaendelea na safari akiwa ameangalia dirishani upande ambao hakuna cha kuona ila stendi.

Siku ile ile, kabla ya chakula cha usiku, mama yake alijua. Mama wa Kichaga haulizi kwanza binti ni mzuri kiasi gani, anauliza ni mtoto wa nani. Ubini unajibu nusu ya swali. Ukisikia Swai, Nkya au Urassa, umefika Machame. Mtui na Mlay ni Marangu. Kavishe, Tarimo na Shirima wanakupeleka Rombo moja kwa moja. Nusu iliyobaki hutafutwa kwa simu na kwa kahawa: ukoo ule una ugonjwa gani, wanaume wao wanapiga wake, mabinti wao wanadumu katika ndoa, na je, huko nyuma hatujawahi kuoana nao kiasi kwamba watoto hawa ni ndugu? Kuoana ndani ya ukoo mmoja ni mwiko. Vijana huuona upelelezi huu kama usumbufu. Mimi naona ndiyo hatua pekee ya harusi nzima ambamo watu wazima hukaa wakafikiria maisha ya hawa wawili baada ya keki.

Mama wa kijana aliposikia Rombo alinyamaza kidogo. Mama wa binti aliposikia Machame alinyamaza zaidi. Kejeli kati ya watu wa pande hizi ni za zamani kuliko barabara ya lami: hawa wanadaiwa kupenda mali, wale wanadaiwa kupenda pombe, Wakibosho wanadaiwa ukali, na kila mmoja ana ushahidi wa jirani yake. Zilizaliwa enzi ambazo mlima ulikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja na mangi wake, mifereji yake na vita vyake. Mangi Sina wa Kibosho na Mangi Rindi wa Moshi hawakuwa majirani wa kualikana harusini. Wachaga kama watu wamoja, wenye kiongozi mmoja na bendera yao, walitengenezwa kwa makusudi baadaye sana. Kilele chake kilikuwa mwaka 1952, Thomas Marealle alipotawazwa kuwa Mangi Mkuu, na miaka kumi na moja tu baadaye serikali ya Tanganyika huru ikawa imefuta utemi na umangi kote nchini. Kwa hiyo harusi ya Machame na Rombo, ambayo mtu wa Dar anaiona ni ya Mchaga kwa Mchaga, huku juu bado inahesabiwa kuwa ya watu wa mbali. Hata lugha inakataa. Bibi wa Machame na bibi wa Mkuu wakiachwa peke yao jikoni, watasemezana kwa Kiswahili, kwa sababu Kimachame na Kirombo vimeachana kiasi hicho.

Na dini ndiyo kamba ngumu zaidi. Walutheri walianzia Machame, wakaenda Mamba, Old Moshi na Marangu. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misioni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaenda Kibosho, kisha Rombo. Mpaka uliochorwa na wageni waliokuwa wakigombea roho za watu zaidi ya karne moja iliyopita unaonekana bado kila Jumapili. Ukimwoa mtu wa upande wa pili wa mlima, kuna uwezekano mkubwa umeoa pia dhehebu la pili. Mkatoliki akitaka kufunga ndoa na Mlutheri kwa taratibu za kanisa lake, anahitaji ruhusa ya askofu, na anaahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe Wakatoliki. Njia inayofuatwa zaidi ni nyepesi kwa mwanamume na nzito kwa mwanamke: binti anahama. Anapewa mafundisho, anapokelewa usharikani, na bibi yake kule Mkuu anaendelea kumnunulia rozari kana kwamba hakuna kilichotokea. Sijasikia maelezo yenye kuniridhisha kwa nini anayehama awe yeye kila mara.

Wawili wetu walizozana juu ya jambo hili kwa miezi. Ugomvi wao mkubwa wa kwanza haukuwa juu ya wivu wala simu, ulikuwa juu ya ubatizo wa watoto ambao hawajazaliwa. Ndipo kila mmoja akajua mwenzake ni mtu wa namna gani. Mwishowe binti alikubali kuhama, kwa sharti kwamba sendofu, sherehe ya kumuaga nyumbani kwao, ifanyike Rombo, kwa namna yake, na pasiwe na mtu wa Machame wa kumpangia.

Barua ya posa ikapelekwa na mshenga, mzee mmoja wa ukoo aliyechaguliwa kwa sababu haudhiki haraka. Huko alisema maneno ambayo washenga wote husema, kwamba wamepita wakaona ua zuri katika bustani ya watu, na wazee wa Rombo wakajifanya hawajui ua gani, bustani yao ina maua mengi. Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, ikatolewa orodha.

Katika sheria, orodha hiyo si kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kuwa ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama taratibu za mahari hazikufuatwa. Jaribu kumsomea mjomba kifungu hicho. Orodha ina mbege ya wazee, ile pombe ya ndizi na ulezi, ina mbuzi, ina blanketi la bibi, shuka na kanga za mama na mashangazi, na ina mbuzi wa wajomba, yaani kaka zake mama wa binti. Ng'ombe siku hizi huandikwa ng'ombe wakalipwa pesa, lakini blanketi lazima liwe blanketi. Kilimanjaro kuna baridi, na aliyemlea mama wa huyu mtoto anastahili kufunikwa. Utaona kwamba kila kitu kwenye orodha kina jina la mtu. Hakuna anayelipia binti kwa jumla, analipwa kila aliyehusika kumfikisha hapo. Petro Itosi Marealle, aliyechapisha kwa Kiswahili kitabu cha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947, aliona tayari wakati ule kwamba mambo ya namna hii yanahitaji kuandikwa kabla hayajasahauliwa. Mengi yamesahauliwa kweli. Orodha haijasahauliwa.

Nikae kidogo kwenye mbege, kwa sababu ndiyo inayopanga kalenda ya harusi ya mlimani kuliko kadi yoyote. Mbege hainunuliwi asubuhi ya shughuli. Ndizi zinaivishwa, zinapikwa kwa saa nyingi mpaka ziwe na rangi ya kutu, kisha zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Upande wa pili ulezi unaloweshwa uote, unakaushwa, unasagwa na kupikwa uji, na humo linatiwa gome la msesewe linaloleta ule uchungu unaouma ulimi kwa mbali. Juisi ya ndizi iliyochujwa ikikutana na uji wa ulezi, mbege inasubiri usiku mmoja, na kuanzia hapo haina subira tena: siku inayofuata ni nzuri, inayofuata hapo imeanza kuwa kali. Kwa hiyo mama anayepika mbege ya harusi anahesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka siku ya wageni. Msafara ukiahirishwa kwa sababu gari la bwana harusi liliharibika Mwanga, ukumbi hautajali, mbege itajali. Walokole hawaigusi, na harusi zao huenda na soda tupu. Hata hivyo nimeona baba mlokole akipokea kata ya mbege ya posa kwa mikono miwili, akaigusisha midomoni bila kunywa, akampa aliye pembeni. Kukataa kupokea kungekuwa ni kumkataa mkwe.

Iwapo vijana wameanza kuishi pamoja bila kuuliza mtu, au binti ameshapata ujauzito, njia ni nyingine. Upande wa kijana unatangulia na jani la sale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na penye makaburi ya wazee. Anayekuja na sale amekuja kuomba radhi, na mwenye nyumba aliyeletewa sale hutakiwa asikilize, hata akiwa amekasirika kiasi gani. Faini inapangwa, mbuzi anachinjwa, na mambo yanarudi kwenye mstari. Makanisa nayo yana mlango wao wa kubariki ndoa, ambapo unaweza kumwona bibi harusi mwenye watoto watatu wamebeba maua mbele yake. Ni harusi nzuri sana hizo. Watu hawana cha kubahatisha tena.

Tuje kwenye rangi. Mchaga wa zama za Rindi alivaa ngozi, pamoja na shanga na vyuma vilivyofuliwa humu humu mlimani. Nguo za dukani zilikuja na misafara ya pwani, kisha gauni jeupe na suti vikaja na misioni, na kwa muda mrefu kuvaa gauni jeupe kanisani ndiko kulikoitwa kufunga ndoa. Leo bibi harusi anataka asili, na anapoitafuta hakuti ngozi, anakuta kitenge. Kitenge asili yake ni batiki ya Java, Waholanzi wakaiiga kwa mashine, kiwanda cha Vlisco huko Helmond kikianza mwaka 1846, Afrika Magharibi ikaipokea na kuifanya yake, nasi tukaipata kwa njia za biashara na baadaye kwa viwanda vyetu, Urafiki cha Dar kikiwa cha mwaka 1968. Kilemba kikubwa kilichokaza kama jahazi ni cha Wanigeria, na kimeingia kupitia filamu zao. Shuka jekundu linalotupwa begani na wasimamizi ni la Wamasai, jirani ambao babu zetu walipigana nao na kuuziana nao mbuzi. Shanga shingoni ni za huko huko.

Binti wa Rombo alilijua hilo alipokwenda kwa fundi. Katika varanda za maduka ya Moshi mjini, ambako mafundi cherehani hukaa nje na mashine zao tangu asubuhi, Desemba ni mwezi wa kugombana. Alitaka gauni la sendofu la kitenge chenye rangi ya kijani kibichi na manjano, kwa sababu hizo ndizo rangi za mgombani mvua zikiisha. Mama mkwe mtarajiwa, kupitia kamati, alikuwa ameshachagua buluu na rangi ya fedha kwa harusi yote, na vitambaa vya viti vilikuwa vimeshakodiwa. Hapo kijana alifanya jambo ambalo naona lilikuwa la mapenzi kuliko machungwa ya Korogwe. Alimpigia mama yake simu mwenyewe, akasema, "Mama, sendofu si yetu. Sisi tutaenda kule wageni." Mama akakaa kimya, akajibu, "Haya baba. Mimi nitavaa buluu yangu." Na alivaa.

Kamati ni dola yenyewe. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kundi la WhatsApp ambalo saa kumi na moja alfajiri linaanza na mstari wa Biblia na kumalizia na orodha ya waliochangia. Pesa zinaingia kwa simu. Mchango una viwango, kuna kadi ya mtu mmoja na kadi ya wawili, na asiyefikisha kiwango anashukuriwa bila kupewa kadi. Watetezi wa kamati husema huu ni ule ule ushirikiano wa zamani, jirani akimsaidia jirani. Wana haki nusu. Mchango wa leo ni deni la kesho, kila mtu ana daftari kichwani, na atakayepuuza harusi ya mwenzake ataona yake. Hilo ni la kale kweli. Lakini zamani jirani aliyeleta mkungu wa ndizi alikuwa ameleta, na amekwisha kuwa mgeni. Kadi imemfuta. Mama aliyemfundisha binti kukata majani ya ng'ombe, na ambaye hana simu ya kutumia pesa, hayumo katika jedwali la katibu.

Ndiyo maana harusi ya Moshi siku hizi ni mbili. Moja ni ya ukumbini, ina kadi. Nyingine ni ya nyumbani, haina mlango. Sendofu ya Rombo ilifanyika kwa namna zote mbili, maturubai yakiwa yamesimamishwa kati ya migomba. Binti aliingia na wenzake watano, wote wamefunikwa kanga, mashangazi wakiwa wamemzunguka na vigelegele. Baadaye mshereheshaji akamtuma amtafute mchumba wake miongoni mwa wageni, mchezo unaochezwa katika sendofu karibu zote Tanzania. Kijana alikuwa amefichwa nyuma ya wapishi, amevaa aproni. Binti alipita mbele yake akirudi nyuma, akasimama, akanusa, akacheka. Kisha zawadi, mstari wa wanawake wanaocheza wakija, kila mmoja na kanga au sufuria, na bibi wa rozari naye akaja akicheza kwa fimbo.

Ya kanisani niipite haraka. Ndoa ilikwishatangazwa, kama kanisa na sheria vinavyotaka, na hakuna aliyesimama na pingamizi. Waliofungishwa ndoa siku hiyo walikuwa jozi nne. Mchungaji hakukosea jina hata moja. Picha zikapigwa Materuni, kwenye maporomoko ya maji ya Uru, ambako bibi harusi hupanda na viatu vya kawaida akabadilisha karibu na maji, na wapiga picha wa jozi tofauti husubiriana zamu.

Usiku, ukumbini, keki yenye krimu ilikatwa na kusahauliwa. Watu walikuwa wakisubiri mlango wa pembeni. Taa zikapunguzwa, wimbo ukabadilishwa, na vijana wenye kofia nyeupe za upishi wakaingia wakicheza, wamebeba meza yenye mbuzi mzima, kasimama kwa miguu yake minne, pembe kichwani, majani mabichi mdomoni, karoti na nyanya zimempamba mgongoni. Ndafu. Ni beberu aliyehasiwa mapema, akafungiwa zizini na kuletewa majani na maganda ya ndizi mpaka akajaa mafuta, kisha akapakwa chumvi, tangawizi, vitunguu saumu na ndimu, na kugeuzwa juu ya makaa kwa saa nyingi na mtu asiyeruhusiwa kusinzia. Mshereheshaji akatangaza keki ya Kichaga. Wawili wakashika kisu kimoja, wakakata, wakalishana, wakapeleka sahani kwa wazazi wa pande zote mbili.

Hapa ndipo mtu asiyejua anapodhani ameona kila kitu. Ukweli ni kwamba ukumbini ndafu imegeuzwa kuwa tamasha, na baada ya dakika kumi meza inarudishwa jikoni, nyama inakatwakatwa, inachanganywa na pilau, na mwenye kadi ya wawili anakula sawa na mwenye kadi ya mmoja. Usawa huo una uzuri wake. Lakini siku iliyotangulia, kule Machame, wanaume wa ukoo walikuwa wamechinja mgombani nyuma ya nyumba, na huko hakuna aliyekula sawa na mwenzake. Kidari kina mwenyewe. Mguu, shingo, kichwa, matumbo, kila kipande kinakwenda kwa mtu kulingana na umri wake na ukaribu wake wa damu, na koo hazifanani katika hilo, kwa hiyo mzee mmoja huketi kwenye kigogo na kazi yake ni kukumbuka. Damu ikawa kisusio, wakanywa kikiwa cha moto. Wanawake walikuwa na sehemu yao, na walikuja kuiulizia. Kaka mkubwa wa baba, ambaye hana kazi, hana kadi, na ukumbini aliwekwa karibu na choo, alipokea kipande chake kwanza, na wakurugenzi wawili kutoka Dar wakasubiri wamesimama na suti zao kwenye matope.

Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Kilimanjaro kuanzia 1902 hadi 1938, huku akikosekana miaka kadhaa baada ya Vita ya Kwanza, aliwachosha wenzake kwa kusisitiza kwamba kanisa likitaka kusimama huku lisimame juu ya ukoo na ujirani. Alikuwa na mambo yake ya kubishaniwa. Ila ukisimama mgombani siku ya kugawana nyama unaona alikuwa ameangalia kitu kilichopo.

Bibi harusi alipelekwa huko Machame asubuhi baada ya harusi, amevaa kitenge chake cha kijani na manjano. Hakupewa hotuba. Mama mkwe, aliyevaa buluu, alimkabidhi sufuria kubwa ya mtori akaugawe kwa waliolala hapo, na akamwambia kwa sauti ya chini jina la kila mmoja kabla hajamfikia, aanze na nani, huyu mwite baba mkubwa, yule mwite shangazi ingawa ni mdogo kwako, huyu usimpe mtori, mpe chai, ana kisukari. Katika nusu saa alikuwa ameonyeshwa ramani yote ya ukoo kwa mwiko.

Wiki mbili baadaye kamati ilikutana kujivunja, kwa bia na nyama choma, mweka hazina akasoma mapato na matumizi. Walikuwa wamebakiwa na deni la maturubai, na likachangwa pale pale mezani. Mbuzi wa wajomba alikuwa hajapelekwa. Mshenga alisema waziwazi kwamba aliachwa kwa makusudi: wajomba wa Rombo wenyewe walimtumia ujumbe kwamba wasiharakishiwe, kwa sababu mkwe aliyemaliza kulipa kila kitu hana tena sababu ya kuja kusalimia. Kijana aliandika deni hilo kwenye simu yake, chini ya kodi ya nyumba. Lisipolipwa, litasubiri. Siku watakapopata binti naye akaja mtu na barua ya posa, watu wa Rombo watapanda mpaka Machame, watakunywa mbege, watasifu ua na bustani, na kabla orodha mpya haijasomwa watauliza kuhusu mbuzi wa mama yake.